Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo Zanzibar: kuku anatolewa kizimbani, chakula chake je?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai, Bumbwini, Wilaya ya Kaskazini B. Barua hii naielekeza kwako, na naomba isomwe pia na Taasisi ya Viwango Zanzibar, Wakala wa Chakula na Dawa, Kamisheni ya Utalii, na wale wanaonunulia vyakula hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwengineko.

Kuna sharti jipya limeingia katika biashara ya mayai. Makampuni makubwa ya hoteli duniani yamewaahidi wateja wao kwamba yatatumia mayai ya kuku wasiofungiwa vizimbani, na ahadi hizo sasa zinatushukia sisi. Mnunuzi anakuja, anauliza kuku wanalala wapi, anaandika, anaondoka. Haulizi wanakula nini. Haulizi maji ya bomba yanatoka saa ngapi. Haulizi kama wamechanjwa. Na mfugaji, kwa kuogopa kupoteza soko, anafungua milango ya vizimba na kuwamwaga kuku chini.

Sivitetei vizimba. Kuku aliyefungiwa kwenye kizimba cha kawaida anapata eneo dogo kuliko karatasi moja ya A4. Hakunjui mbawa, hapekui, haogi vumbi, hana kiota cha kujificha anapotaka kutaga. Nimewaona kuku wa namna hiyo, manyoya ya shingo yamekwisha kwa kusuguana na wavu, na sitaki kuwaona tena. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vizimba hivyo kuanzia tarehe 1 Januari 2012, na mimi naona walifanya la haki.

Lakini sheria yao ilipitishwa mwaka 1999. Wafugaji wao walipewa zaidi ya miaka 12 ya kujenga, kukopa, kujifunza na kubadilisha chakula, na nyuma yao walikuwa na maabara, viwanda vya chakula vinavyokaguliwa na madaktari wa mifugo wanaofika bandani. Sisi tunapewa msimu mmoja wa watalii.

Dada mmoja wa kikundi chetu aliwatoa kuku wake kizimbani mvua za masika zikiwa mlangoni. Walikuwa wazima, wanataga vizuri. Akamwaga randa za mbao chini, akaweka viota na fito za kulalia, akaendelea kuwapa chakula kile kile. Hazikupita wiki nyingi randa ikawa tope, kuku wakajikunyata mbawa chini, kinyesi kikaja na damu. Wengi aliwazika. Waliobaki walipunguza kutaga mpaka gharama ya chakula ikapita fedha ya mayai. Hoteli iliyomtaka awatoe ikaenda kununua kwa mwengine, na sharti lake likabaki pale pale.

Yaliyomkuta yana sababu zake, na zinajulikana. Kizimbani kinyesi huanguka chini ya wavu, kuku hakigusi. Vijidudu vya koksidia vinavyoleta kuhara damu hutoka na kinyesi, na vikipata joto na unyevu hukomaa ndani ya siku moja au mbili vikawa tayari kuambukiza. Kuku aliyelelewa juu ya wavu tangu kifaranga hajawahi kukutana navyo, hana kinga. Ukimteremsha ukubwani kwenye randa iliyoloa, anavimeza vingi kwa mara moja. Minyoo nayo ni hivyo hivyo. Kuku wa kufugwa chini inatakiwa alelewe chini tangu mdogo, akutane na vijidudu kidogo kidogo ajenge kinga, na ajifunze kuruka na kutua kwenye fito, kwa sababu asiyezoea akianguka huvunjika mfupa wa kidari. Mitamba tunayouziwa hapa, yaani kuku majike wanaokaribia kutaga, hakuna anayetuambia ililelewa vipi.

Hilo ni la maradhi. La chakula ndilo zito zaidi, na ndilo lisilozungumzwa.

Kuku aliyetoka kizimbani anatembea, anapekua, anaruka. Nguvu hizo anazitoa kwenye chakula. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 110 hadi 120 kwa siku, na aliyeko huru anahitaji zaidi. Anahitaji pia nyuzinyuzi za kumshibisha, maana kuku mwenye njaa au anayekosa protini iliyo kamili, hasa ile asidi ya amino inayoitwa methionini, huanza kudonoa manyoya ya mwenzake. Akionja damu haachi. Hapo mfugaji hukimbilia kukata midomo. Tumemtoa kuku kwenye kizimba kwa kumhurumia, tukaishia kumkata mdomo kwa moto, na kosa lilikuwa kwenye mchanganyiko wa chakula.

Protini yetu hapa ni dagaa, Mheshimiwa, na naomba nikae kidogo kwenye hawa dagaa. Katika madiko yetu, Mangapwani, kijiji cha Kama na kwengine, dagaa huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Walio wazuri husafirishwa kwenda Bara na mpaka Kongo. Kinachobaki chini ya chanja, vumbi, vichwa, mchanga na chumvi iliyoganda, ndicho kinachokusanywa na kusagwa kwa ajili ya kuku. Sasa chakula cha kuku hakitakiwi chumvi yake izidi kiasi cha nusu ya asilimia moja. Ikizidi, kuku anakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kinakuwa maji, randa inaloa, na randa iliyoloa inatoa amonia. Amonia inaunguza macho na njia ya pumzi, na mafua ya kuku yanapata pa kuingilia. Nyayo zinatoka vidonda vyeusi. Vijidudu vya koksidia vinapata unyevu vinaoutaka. Kizimbani yote haya yalikuwa yanaanguka chini ya wavu, hatuyaoni. Sasa kuku analala juu yake. Mkaguzi akija ataandika kwamba banda ni chafu na mfugaji mzembe, na uchafu wenyewe umekuja ndani ya gunia.

Kila asubuhi nachota randa kwa mkono, karibu na vyombo vya maji, naifinya. Nikifungua kiganja ikamwagika, ni salama. Ikishikamana bonge, ama chombo kinavuja, ama hewa haipiti, ama chakula kina chumvi. Kisha nachutama mpaka usawa wa kichwa cha kuku nivute pumzi, maana harufu inaanzia kule chini, na mtu aliyesimama mlangoni haisikii. Nimeshaona mara nyingi randa inabadilika kwa kubadilisha gunia tu, banda lile lile, kuku wale wale. Duka halikuniambia kitu, na gunia lenyewe halikuandikwa chochote zaidi ya "chakula cha kuku wa mayai".

Ganda la yai nalo linatueleza mengi. Yai moja linabeba zaidi ya gramu 2 za kalsiamu kwenye ganda lake. Katika kalsiamu anayokula kuku, kiasi cha nusu ndiyo inayoingia mwilini, kwa hiyo chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kiwe nayo asilimia 3.5 hadi 4. Ikipungua, kuku haachi kutaga siku hiyo. Anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka miguu inashindwa kumbeba. Wapo kuku wanaotolewa kizimbani wakiwa wameshafika hapo, na ndio wanaovunjika siku ya kwanza wanapojaribu kuruka. Na kisiwa chetu kimejaa makombe ya chaza, yenye kalsiamu hiyo hiyo! Kina mama wanaokwenda pwani kuokota chaza wanayaacha mafungu kwa mafungu. Yakioshwa chumvi, yakapondwa yabaki chengachenga, yakawekwa alasiri na jioni, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, wakati ule ule ganda linapojengwa. Taasisi yetu ya utafiti wa mifugo ingeweza kulisimamia hili, ikayapima, ikatuandikia kipimo. Wafugaji pia waambiwe wazi kwamba chokaa ya tanuu, ile ya kujengea na kupaka nyumba, inaunguza na haifai kuwa chakula cha kuku.

Kuhusu kuvu nitasema kwa ufupi. Mahindi na mashudu yetu yanavuka bahari, na kwa wenzetu wengi wa Pemba yanavuka mara mbili. Gunia likikaa bandarini au dukani wakati wa masika linanyonya unyevu, na kuvu huzalisha sumu ya aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu Dodoma na Manyara. Kuku inaweza isimuue haraka, lakini inaharibu ini, inapunguza mayai na inavunja kinga kiasi kwamba hata chanjo haishiki ipasavyo. Mfugaji anailaumu chanjo, na muuza chanjo anamlaumu mfugaji.

Sasa kuna joto. Kuanzia Disemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukishika, hapa kwetu ndio wakati mgumu. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake kwa kawaida una joto la kiasi cha nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta. Akitweta sana anapoteza hewa ya kaboni dioksidi, damu yake inabadilika, na ganda linakuwa jepesi hata kama kalsiamu ipo ya kutosha. Wakati huo huo hamu ya kula inashuka. Kwa hiyo chakula kilichomtosha wakati wa kipupwe hakimtoshi wakati wa kaskazi, kwa sababu anakula kidogo: inabidi kiwe kizito zaidi kwa protini na madini, na kiwekwe alfajiri na jioni, si saa sita ya mchana. Haya si mambo ya anasa. Kuku aliyeachwa kwenye banda la bati, wamebanana, na chakula cha mchana juu yake, anakufa akiwa amekula.

Na maji. Kuku hunywa maji kiasi cha mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi ya hapo. Vijijini kwetu bomba lina saa zake, na siku nyengine halina hata saa moja. Tangi jeusi lililowekwa juani linatoa maji ya moto ambayo kuku anayaonja na kuyaacha. Huko Uingereza kamati ya Profesa Brambell ndiyo iliyolifungua suala la ustawi wa mifugo mwaka 1965, na mwaka 1979 Baraza lao la Ustawi wa Wanyama wa Shambani likaliweka katika haki tano. Ya kwanza kabisa katika hizo tano ni mnyama asiwe na njaa wala kiu. Kizimba kinakuja baadaye. Anayetaka kweli kujua kama kuku wangu wanaishi vizuri, aje saa saba ya mchana mwezi wa Februari, atie mkono ndani ya chombo cha maji.

Ujenzi nao tunauweza kwa vya kwetu, na hapa sikubaliani na wataalamu wanaotufundisha kwamba banda la kisasa lazima liwe la bati. Makuti yanazuia joto kuliko bati tupu. Tabu yake ni panya na kubadilishwa kila baada ya muda, na hilo tunalijua. Banda likilazwa mashariki kwa magharibi, pande ndefu zikaachwa wazi kwa wavu, jua haliingii sana na upepo wa kaskazi na wa kusi unapita. Lakini mfugaji akienda kuomba mkopo anaulizwa kama banda ni la bati. Naomba mkopo uulize hewa na kivuli.

Niseme pia juu ya dawa, maana Wakala wa Chakula na Dawa wanahusika moja kwa moja. Ulaya ilipiga marufuku antibaiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Huku kwetu antibaiotiki inanunuliwa dukani kama chumvi na kutiwa kwenye maji ya kuku bila ya ugonjwa kujulikana, na mayai yanaendelea kuuzwa siku hiyo hiyo. Kukataza peke yake hakutasaidia. Mfugaji anatia dawa kwa sababu randa imeloa, chakula ni kibovu, chanjo haikupatikana, na daktari yuko mbali. Ukimuondolea dawa ukamuachia hayo mengine yote, kuku watakufa na yeye ataitafuta kwa mlango wa nyuma.

Na chanjo ipo. Ya ugonjwa wa mdondo (kideri) aina ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa kuwafikiria wafugaji wa vijijini: inastahimili joto kuliko nyengine, tone moja la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Lakini chupa moja inatosha mamia ya kuku, na bibi mwenye kuku 20 nyuma ya nyumba hanunui chupa hiyo. Ikiwa Sheha wa kila shehia atatangaza siku moja ya chanjo, chupa ikafunguliwa asubuhi na kwisha kabla ya adhuhuri, tatizo hilo linaondoka kwa gharama ndogo sana.

Mheshimiwa, tunachokiomba kinawezekana. Gunia la chakula cha kuku linalouzwa Unguja na Pemba liandikwe tarehe lilipochanganywa, protini yake, kalsiamu yake na chumvi yake, na Taasisi ya Viwango ichukue sampuli madukani bila ya kutoa taarifa. Mfugaji naye awe na mahali pa kupeleka kilo moja ya chakula anachokitilia shaka, akapimiwa kwa bei anayoimudu. Leo mimi sijui niipeleke wapi, na niliowauliza dukani hawajui.

Tunaomba pia mwongozo wa Zanzibar wa ustawi wa kuku, uandikwe kwa Kiswahili, ufikishwe kwenye shehia. Wenzetu wa Bara wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wetu usiwe nakala ya Ulaya. Uanze na maji, joto, randa na chakula, halafu uweke muda wa kuviacha vizimba ambao mfugaji mdogo ataweza kuufuata, na uelekeze kwamba kuku wazima wasimwagwe chini ghafla: yule aliyelelewa kwenye wavu amalize uzao wake, na kundi jipya lilelewe chini tangu vifaranga. Uwaguse na wasafirishaji. Kuku wanaofika soko la Darajani wamefungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye baiskeli na pikipiki, nao ni kuku, hata kama hakuna hoteli iliyoandika barua juu yao.

Kwa hoteli nina neno la wazi. Mnapotaka yai la kuku aliye huru, mnataka yai lililogharimu chakula kingi zaidi, randa zaidi, mikono zaidi na eneo kubwa zaidi. Bei mnayotoa ni ile ile ya yai la kizimbani. Kikundi chetu kiliposema hivyo kwa mnunuzi mmoja, tulijibiwa kwamba mayai ya kutoka nje ya kisiwa ni rahisi zaidi, na hakuulizwa mtu huko nje kuku wanalala wapi. Sharti likiwekwa kwa mfugaji wa Bumbwini, liwekwe na kwa yai linaloshuka bandarini Malindi. Na mkataba uwe wa mwaka, ili mfugaji aweze kupanga kundi lake, badala ya simu ya Ijumaa kwamba wiki hii hatuhitaji.

Tunaomba kikao kabla ya Disemba, kaskazi haijaanza. Kikundi chetu kitakuja na sampuli za chakula kutoka kwenye magunia tunayonunua, kila moja na jina la duka na tarehe tuliyoinunua. Wizara ije na mtu wa kuzipima, Kamisheni ya Utalii iwalete wanunuzi wa hoteli, nao waje na mikataba yao mkononi. Wenzetu wa Pemba wapewe kikao chao Chake Chake, wasilazimike kupanda boti kuja kusikilizwa Unguja.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Mfugaji wa kuku wa mayai
Bumbwini, Kaskazini B, Unguja